Tathmini: mafundi wa kufunga paa wa Kariobangi, baada ya msimu mzima wa masika

Ninaandika haya kwa wenye majengo ya paa la mabati hapa Nairobi: wenye ploti za kupangisha, wachungaji wa makanisa madogo, wenye nasari, wenye karakana. Mimi ni mwalimu. Ninaendesha shule ndogo ya chekechea Kayole, upande wa kuelekea Njiru. Jengo letu ni safu ya madarasa matatu, urefu futi 60 na upana futi 20, kuta za mawe ya kuchonga, paa la mabati ya geji 30 lenye mteremko mdogo. Kabla ya mvua za masika tuliwaita mafundi wenye karakana upande wa Kariobangi Light Industries watuimarishie paa hilo. Sikutaka kuandika lolote mpaka msimu uishe. Sasa umeisha.

Kwanza mjue wanachofanya, kwa sababu watu wengi niliowaeleza walidhani ni waezekaji wa kawaida. Hawauzi mabati wala hawajengi nyumba. Huchukua paa lililopo na kulifunga kwenye ukuta ili upepo usiling'oe. Basi. Gharama yetu yote, vifaa pamoja na ufundi, ilikuwa shilingi 52,400, na mimi nazihesabu kuwa pesa zilizotumika vizuri kuliko zote tulizowahi kuweka kwenye jengo lile.

Kilichotufanya tuwatafute ni paa la ukumbi mmoja mtaani kwetu. Alasiri moja, upepo uliotangulia mvua uliling'oa. Bati halikutoka moja moja. Paa lilinyanyuka zima, pamoja na mbao zake, likapita juu ya nyumba ya jirani na kuanguka barabarani, pale pale akina mama mboga wanapopanga meza zao. Mungu ni mwema, vumbi lilikuwa limeshawafukuza wakaingia ndani. Kesho yake nilikwenda kutazama. Mabati yalikuwa mapya, yanang'aa, na misumari bado imeshika mbao. Mbao zenyewe hazikuvunjika. Zilikuwa zimeachana tu na ukuta, na juu ya ukuta kulibaki vishimo vidogo ambamo misumari miwili miwili ilichomoka. Nilisimama pale nikafikiria watoto wangu wa darasa la chini, wenye miaka mitatu na minne, wakiwa wamekaa chini ya kitu kilichoshikwa hivyo.

Fundi wa kwanza niliyemwita alisema tubadilishe mabati yote tuweke geji 28, ambayo ni mazito zaidi. Bei yake ilipita laki moja. Wa pili alisema tupandishe mawe na magurudumu makuukuu juu ya paa yalikandamize. Ushauri huu mmeusikia, na ukipita Mathare au Mukuru utaona paa baada ya paa zimefanyiwa hivyo. Naomba mtu yeyote mwenye mawe juu ya paa ayashushe. Paa likianza kutikisika, jiwe lile ndilo la kwanza kuanguka, na huanguka mlangoni, mahali ambapo watu hukimbilia.

Hawa wa Kariobangi walianza tofauti. Kiongozi wao hakuuliza ngazi. Aliingia darasani, akaomba meza, akapanda na tochi na kutazama pale ambapo kenchi, zile mbao za pembetatu zinazobeba paa, zinakutana na ukuta. Alikagua moja baada ya nyingine, pande zote mbili, bila kusema neno. Aliposhuka alisema, "Mwalimu, bati lako halina shida kubwa. Shida ni kwamba paa limewekwa juu ya ukuta, halijafungwa." Kisha akanionyesha. Kila kenchi ilishikwa na misumari miwili ya inchi nne, iliyopigwa kwa mshazari kwenye mbao inayolala juu ya ukuta. Na mbao hiyo nayo ilikuwa imelazwa tu kwenye saruji, haina bolti hata moja.

Hapo ndipo nilipoelewa niliyoyaona kwenye ule ukumbi. Wengi wetu hudhani upepo hulisukuma paa kutoka ubavuni. Kwa kweli hulinyanyua. Hewa inayopita kwa kasi juu ya paa hulivuta kwenda juu, na mvuto huo huwa mkali zaidi kwenye kingo, kwenye pembe na karibu na kilele. Paa lenye mteremko mdogo kama letu huvutwa zaidi kuliko lililosimama. Dirisha au mlango wa upande unaopigwa na upepo ukiwa wazi, hewa huingia na kujaa ndani, ikalisukuma paa kutoka chini wakati ya juu inalivuta. Kwa hiyo wale wanaosema mfungue madirisha ili upepo upite, jamani, wanawaambia muusaidie upepo. Funga kila kitu.

Fundi alinipa maelezo, nami kwa sababu ni mwalimu nikaenda kupiga hesabu nyumbani. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Kwa hewa ya Nairobi, ambayo ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa sababu ya urefu wetu juu ya bahari, upepo wa kilomita 45 kwa saa hutoa nguvu ya kilo 8 hivi kwa kila mita ya mraba. Wa kilomita 90 kwa saa hutoa kilo 33 hivi. Bati la geji 30 lenyewe halifiki kilo 3 kwa mita ya mraba. Paa letu linafunika mita za mraba 111. Hata kama upepo hauvuti kila sehemu kwa nguvu sawa, kwa upepo huo wa kilomita 90 tunazungumzia zaidi ya tani tatu zinazovuta kwenda juu. Tuna kenchi 13, kila moja inashika ukuta mahali pawili. Gawanya: kila mshiko unapaswa kuzuia kilo 140, uzito wa watu wazima wawili wakining'inia. Kwa misumari miwili iliyopigwa kwa mshazari kwenye mbao za saipresi ambazo zimekauka na kulegea kwa miaka!

Mama anayebeba mtoto kwa leso haangalii ua lililochorwa, anaangalia fundo. Sisi kwenye paa tumezoea kuangalia rangi ya bati.

Sasa kazi yenyewe. Walianzia ukutani na kupanda juu, na utaratibu huo ndio uliofanya niwaamini. Kwanza waliifunga ile mbao ya juu ya ukuta: walitoboa mbao na mkanda wa zege ulio chini yake, wakaingiza bolti zinazopanuka ndani ya zege, moja kila baada ya futi nne. Walipofika kona ya darasa la tatu waligundua kwamba mkanda wa zege umekatika kidogo, fundi aliyejenga aliruka pale. Wangeweza kupita. Walisimamisha kazi, wakaniita nione, wakasema watatoboa chini zaidi na kufunga utepe wa chuma kuzunguka mistari mitatu ya mawe. Iliongeza shilingi 2,000 na kitu kwenye hesabu, nami nililipa bila kinyongo kwa sababu niliona kwa macho.

Kisha kila kenchi ilivalishwa utepe wa chuma ulioviringishwa juu yake na kushuka pande zote mbili za mbao ya ukutani, ukakazwa kwa skrubu. Sehemu 26. Dada mmoja wa kikosi hicho kazi yake ilikuwa kuvuta kila utepe kwa mikono miwili, akitegemeza uzito wake, halafu kuuwekea alama ya chaki. Ulioyumba ulifunguliwa ukafungwa upya. Nilimuuliza kama kila mahali wanafanya hivi au ni kwa sababu mwenye jengo amesimama hapo. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nina mtoto nasari." Sikuuliza zaidi.

Baada ya hapo walipanda kwenye pao, zile mbao zinazolala juu ya kenchi na kupigiliwa mabati, nazo wakazifunga kwa vipande vifupi vya utepe ule ule. Mwisho kabisa ndipo wakagusa mabati. Misumari ya zamani ilikuwa imeinua vichwa, mingine unaichomoa kwa vidole. Jua la Januari na Februari huikausha mbao, baridi ya Julai huirudisha, na msumari laini hauna meno ya kushikilia. Waliitoa, wakaweka skrubu zenye wosha ya mpira. Kwenye kingo zote na kileleni waliziweka karibu karibu, katikati wakaziachanisha. Mtu asiyejua angesema wanatumia skrubu nyingi mahali pasipohitajika, lakini kingo ndizo upepo unapoanzia kubandua. Mabati yetu ni yale yale ya geji 30. Waliongeza pia mbao za mshazari kati ya kenchi za mwanzo na za mwisho ili paa lisilale upande mmoja kama kenchi zikisukumwa.

Sehemu ya huduma ambayo sikuitarajia ni kwamba walizunguka nami kiwanja chote, na hawakuitoza. Naona ndiyo yenye thamani kubwa kwa watu ambao hawawezi kulipia paa sasa hivi, kwa hiyo nitaikalia kidogo.

Tangi. Tulikuwa na tangi la lita 1,000 juu ya mnara wa vyuma, futi 12 kutoka chini, karibu na choo cha watoto. Likijaa lina uzito wa tani moja na halitikisiki. Lakini sisi sote tunajua maji ya Nairobi: yakija leo, unangoja zamu yako tena, na katikati tangi linabaki tupu. Tangi tupu mtu mmoja hulibeba begani. Upepo wa kawaida kabla ya mvua hulitupa ng'ambo ya ukuta. Fundi alinishauri tulizungushie kamba za chuma na kuzifunga kwenye miguu ya mnara, na pia tusiliache likauke kabisa, tubakize robo. Tazameni magorofa ya Pipeline na Umoja mhesabu matangi yaliyosimama juu bila kufungwa. Chini yake kuna vibanda, watoto, bodaboda wanaosubiri abiria.

Kisha bango letu la shule lililoning'inia kwa waya mbili, vipande vya mabati vilivyoegemezwa nyuma ya jiko, viti vya plastiki, na turubai la kivuli ambalo sisi tulilipenda sana. Kila kitu ambacho mtoto anaweza kukisogeza, alisema, upepo unaweza kukirusha. Vipande vile vya mabati tuliviuza siku hiyo hiyo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Bati linalopepea hewani ni kisu, na humkata mtu shingoni na mikononi.

Kulikuwa na mkaratusi wa jirani ulioinama juu ya ukuta wetu. Hapo walisema wazi kwamba miti si kazi yao, na wakaniambia niangalie udongo shinani: ukiona nyufa au udongo umeinuka upande mmoja, mti unaondoka. Mvua ikishalowesha ardhi, mizizi hupoteza mshiko, na ndiyo maana miti mingi hapa mjini huanguka wiki za katikati ya mvua, hata kwa upepo ambao mwezi wa pili usingeisumbua. Nilizungumza na mzee mwenye mti, tukaenda pamoja kuomba kibali cha kaunti, na matawi ya upande wetu yakapunguzwa. Usikate mti bila kibali, na usimpandishe kijana na panga karibu na nyaya za stima.

Kuhusu nyaya, hili nimelifanya somo kwa watoto na kwa wazazi. Waya ukianguka, uwe unatoa cheche au umetulia kimya, ni waya wenye moto mpaka Kenya Power waseme vinginevyo. Kaeni mbali mita 10 au zaidi. Ardhi iliyolowa hubeba umeme, na hatua ndefu ni hatari, kwa hiyo ukijikuta karibu ondoka kwa kuburuta miguu, visigino vikiwa vimeshikana. Ukiwa ndani ya gari lililoangukiwa, baki ndani. Kenya Power hupokea simu kwa 97771, Msalaba Mwekundu kwa 1199, na hizo nambari tumezibandika mlangoni kwa herufi kubwa.

Mtu ataniuliza, Nairobi kuna upepo gani wa kutufanya tuhangaike hivi? Vimbunga vya bahari havifiki hapa kwa nguvu zake. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoelekea pwani ya Tanzania karibu na Kisiwa cha Mafia, walioambiwa wajihadhari na upepo huku kwetu walikuwa watu wa pwani. Sisi wa Nairobi tuliathirika na mafuriko, na walimu wanakumbuka jinsi ufunguzi wa shule ulivyosogezwa kutoka tarehe 29 Aprili hadi 13 Mei. Upepo wetu ni mwingine. Hutoka kwenye mawingu ya radi ya alasiri. Mvua ndani ya wingu huipoza hewa, hewa iliyopoa huwa nzito, hudondoka kwa kishindo, na ikigonga ardhi husambaa pande zote. Ndiyo ile baridi ya ghafla inayokupiga usoni huku jua likiwa bado linaonekana upande wa Ngong, vumbi linainuka, karatasi zinapaa. Hudumu dakika chache. Mtaa mmoja unapoteza paa na mtaa wa pili hawajui chochote.

Kwa sababu hiyo tahadhari za Idara ya Hali ya Hewa, hawa wa Dagoretti Corner, zitumieni lakini mjue zinavyofanya kazi. Wakisema upepo mkali unaozidi mita 12.5 kwa sekunde, hiyo ni kilomita 45 kwa saa, na wanazungumzia eneo pana kwa siku kadhaa. Hawawezi kukwambia kwamba saa tisa na nusu wingu litadondokea Kayole. Mimi husoma utabiri wao wa juma kila Jumatatu asubuhi, na wakitaja mvua za radi alasiri, siku hizo watoto hawachezi uwanjani baada ya chakula cha mchana. Turubai haliwekwi kabisa. Na mwalimu wa zamu hutazama mashariki na kusini mara kwa mara.

Upepo ukianza, tunafanya hivi, na utaratibu huu niliupanga baada ya kuzungumza na yule fundi kiongozi. Milango na madirisha hufungwa. Watoto huketi sakafuni kando ya ukuta wa ndani unaotenganisha darasa la kwanza na la pili, mbali na vioo, migongo ukutani, magoti kifuani. Hakuna anayeshika mlango kuuzuia, mtu mzima wala mtoto, kwa sababu mlango ukichomoka unaondoka na mkono. Hakuna anayetoka nje kuokoa nguo kwenye kamba. Mzazi akifika getini wakati huo anaingia ndani anakaa nasi, hachukui mtoto akakimbia naye barabarani chini ya mabango na nyaya. Wazazi wengine walilalamika mwanzoni kwamba tunawachelewesha. Nimewaeleza, na nitaendelea kuwaeleza.

Je, kazi ilishika? Masika ya mwaka huu yalituletea upepo mkali zaidi ya mara moja, na kulikuwa na alasiri moja ambayo sitaisahau, kibanda cha mshona viatu kilicho mkabala nasi kilibingirishwa na bati mbili za choo cha jirani ziligonga ukuta wetu. Tulikuwa sakafuni na watoto, tunaimba. Paa lilinguruma. Hapo zamani, upepo wa nusu ya ule ulifanya mabati yapigepige kama yanaondoka, mpaka watoto wanalia. Safari hii kulikuwa na mngurumo tu, hakuna kupigapiga. Kulipotulia nilipanda juu ya meza na tochi nikakagua alama zote za chaki. Hakuna utepe uliosogea.

Sasa yasiyoniridhisha, na haya niliwaambia ana kwa ana kabla ya kuyaandika.

Waliacha uwanja mchafu. Vipande vya utepe wa chuma vyenye ncha, misumari ya zamani yenye kutu, skrubu zilizoanguka kwenye nyasi. Kwenye ploti ya watu wazima pengine ni jambo dogo. Kwenye chekechea, ambapo mtoto huokota kila kitu na wengine huvua viatu wakicheza, ni kosa kubwa. Tuliazima sumaku kwa mchomeleaji tukaupitia uwanja wote mimi na walimu wenzangu. Fundi aliomba radhi, akasema wataanza kuja na sumaku yao. Ukiwaita, iandikeni kwenye makubaliano kwamba usafi ni sehemu ya kazi.

Pia tundu moja la msumari wa zamani juu ya darasa la pili lilivuja mvua ya kwanza. Walirudi wakaliziba bila malipo, lakini ilinibidi nipige simu na kukumbusha. Na hawatoi karatasi. Nilitaka orodha ya kilichofanyika, vipimo, na muda wa dhamana, ili mwenye kiwanja aone na ili fundi atakayekuja baadaye ajue kilichomo. Mwishowe niliandika mwenyewe, nikahesabu bolti na tepe, nao wakatia sahihi. Watu wenye kazi nzuri hivi wanastahili kuwa na hati nzuri.

Kwa nani basi? Kwa mwenye jengo la kuta za mawe au matofali lenye paa la mabati, sina shaka. Kwa mwenye ploti ya vyumba kumi vya mabati matupu juu hadi chini, walinieleza kwamba gharama hubadilika, kwa sababu nguzo zenyewe lazima zifungwe ardhini kwanza, la sivyo utafunga paa kwenye ukuta na ukuta nao upae. Wenye nyumba wengi wataona ghali. Ninawaomba wahesabu kodi ya mwezi mmoja ya ploti nzima waiweke kando ya bei hiyo, halafu wawakumbuke wanaolala humo ndani.

Baraza ya mbele ya madarasa bado haijafanyiwa kazi. Imeungana na paa kubwa, na upepo huingia chini yake ukaisukuma juu. Mafundi wanapendekeza itenganishwe, ipewe nguzo na mabati yake yenyewe, ili ikiondoka isiondoke na paa la watoto. Wametupa bei ya shilingi 17,500, tumepanga likizo ya Agosti wakati shule haina watoto. Malipo yao ni vifaa kwanza, ufundi nusu kazi ikianza na nusu baada ya ukaguzi. Hawapandi paa lililolowa, kwa hiyo msingoje mawingu yakusanyike ndipo muwaite. Na mkienda kuwaona, bebeni picha za pale kenchi inapokutana na ukuta, pande zote mbili. Ndizo watakazoziomba kabla ya kutaja bei.